Aliyetupa Muluku Kwenye Kagezi

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa sauti yake kwanza: kah! Kama mtu anavunja kuni. Lakini haikuwa kuni. Ulikuwa ufito wa kuvulia wa Papa Balagizi, ufito wa mwanzi aliouchonga kwa mikono yake, na Evariste, mkubwa wa klabu yetu ya wavuvi, aliuvunjia gotini pale darajani Gashonga, sote tukiangalia. Vipande akavitupa kwenye majani, katikati ya samaki waliokufa.

Samaki walikuwa wamejaa juu ya maji. Kuyu wetu, wale wenye magamba ya rangi ya shaba na sharubu fupi, wamegeuza matumbo juu, wakubwa kwa wadogo. Kijito chenyewe tunakiita Kagezi tu, hakijawahi kuwa na jina la heshima. Asubuhi hiyo kilikuwa kimya kama nyumba iliyofiwa.

"Njo huyu!" Evariste akapiga kelele, akimnyoshea mzee kidole. "Njo ametia sumu! Jana mangaribi bantu bamemuona hapa peke yake."

"Président," Papa Balagizi akajibu, kofia mkononi, "nilikuja kuangalia maji. Mbele ya kila matembezi naangaliaka maji, unajua."

"Kuangalia, ao kutia?"

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Bantu ba ng'ambo na sumu, mama wee! Si nilisema?"

Mzee hakuokota vipande vyake. Alipanda mpaka barabarani, akasimamisha moto, pikipiki ya abiria. Dereva alikuwa mwanaklabu mwenzetu, kijana ambaye mzee mwenyewe alimfundisha kuvua. Akamtazama Evariste, akatazama chini, akasema, "Papa, sikupeleki." Akawasha pikipiki akaenda mtupu. Mzee wa miaka ile akashika njia ya mjini Kamembe kwa miguu.

Kama umekulia mbali, labda unasema, aa, ufito tu, ugomvi wa wavuvi. Sikiliza basi. Huku kwetu Rusizi, na ng'ambo Bukavu, upande wa Kongo, vilevile, ukiitwa mwizi utalipa na yataisha. Ukiitwa mtu wa sumu hayaishi. Mkono wako haupokelewi kitu tena. Msibani unakaa peke yako kwenye benchi. Papa Balagizi alikuwa kinyozi, mtu anayeweka wembe shingoni mwa watu. Fikiri mwenyewe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, ujue nani ni nani.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikufichi. Katika nyumba ya baba yangu nilibaki mimi, na waliotumaliza hawakutoka mbali; walikuwa majirani waliokuja kwetu kuomba moto wa kupikia, na sisi tukiwapa. Shule niliiachia darasa la tatu. Kwa hiyo nilichojifunza nilijifunza kwa macho: kutazama mikono ya watu, si vinywa vyao. Hata wewe unayesoma, sijui wewe ni mtoto wa nani. Lakini nitakuambia, maana hayo mengine Mungu anajua.

Nilikuwa kijana mbeba mizigo pale mpakani nilipomfahamu Papa Balagizi. Yeye ni Mushi kwa kabila, wa Bukavu, alioa huku, akafungua saluni Kamembe: kiti kimoja, kioo kimoja, redio. Ujanani alikuwa mpishi wa padri mzungu, na padri yule ndiye aliyemfundisha uvuvi wa manyoya. Wavuvi wa namna hiyo hawatumii chambo cha mnyoo wala mihogo. Wanachukua ndoana ndogo, wanaifunga manyoya ya jogoo na uzi, mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Papa Balagizi aliongeza nywele za wateja wake. Kuna mabwana wakubwa wa Kamembe hawajui mpaka leo kwamba nywele zao zilidanganya samaki wengi kuliko wao walivyodanganya watu.

Mshipi wenyewe hautupwi tu. Unaurusha mbele, unauacha urudi nyuma mgongoni, unaurusha tena, mpaka yule mdudu wa uongo atue juu ya maji polepole kama aliyetua kwa hiari yake. Mvuvi wa namna hii anahitaji nafasi nyuma kuliko mbele. Na kabla ya kurusha, desturi ya Papa Balagizi: unainua jiwe ndani ya maji, unaangalia chini yake ni vidudu gani vimeng'ang'ania, ndipo unajua ufunge manyoya gani. "Uliza jiwe kwanza," alikuwa akisema. Samaki akishikwa anatazamwa, anarudishwa.

Ooh, walitucheka! Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage walituimbia: "Banakamata, banabusu, banarudisha! Ni bavuvi ao ni babwana harusi?"

Mwaka wa mwanzo ule nilipata karipio langu. Tulifika tukakuta maji meupe kama uji, samaki hawaonekani. Juu kidogo, mama mmoja, Maman Furaha, alikuwa na kapu la mihogo aliyoloweka. Sikuuliza. Nilimtukana mbele ya watu, nikamwambia anaharibu maji kwa makusudi, kwamba watu wa kilima chao nawajua. Maneno mengine siyaandiki. Papa Balagizi alinishika mkono wa shati akaniburuta kufuata maji kwenda juu, tukipita miiba na matope, mpaka tukafika mahali ukingo umeporomoka. Udongo mweupe ulikuwa unaingia mtoni wenyewe, kipande kwa kipande, hakuna mtu.

"Weye unashuku na kinywa," akaniambia. "Kinywa iko karibu, njo maana. Shuku na miguu! Panda mpaka mahali maji inatoka, kisha rudi useme."

"Papa, mimi nimeona mengi."

"Umeona. Na yule mama hajaona? Ao machungu ni ya kwako peke yako?"

Akanishusha tena, nikaomba msamaha, nikambebea Maman Furaha kapu mpaka kwake. Lilikuwa zito. Mwanangu, karipio la mzee ni kama dawa ya minyoo: ikishuka inachoma, baadaye unalala usingizi.

Miaka ikapita, klabu ikakua. Wakaja walimu, wakaja madereva wa moto, akaja Evariste mwenye duka la mabati. Evariste anajua kusema mbele ya watu, basi tukamfanya mkubwa. Na Sixbert, mwenye kitalu cha miche, akawa katibu wake. Hapo ndipo ilipoanza habari ya kulinda kijito, kwa sababu mashamba yalikuwa yamesogea mpaka majini na kila mvua iliosha udongo ndani. Afisa kilimo akatuambia tupande matete na mianzi kwenye ukingo. Vizuri. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukafika na majembe, tukakuta Sixbert ameleta miche ya muluku tupu, ile iliyobaki kwenye kitalu chake.

Muluku kila mtu hapa anaujua. Tunaupanda katika mihogo kufukuza fuko, na udongo unaupenda. Lakini babu zetu walikuwa na kazi nyingine nao: wanatwanga majani, wanamwaga kwenye kilindi, samaki wanaelea, wanaokotwa kama maembe. Hiyo nayo kila mtu anaijua, na sheria inaikataza.

Papa Balagizi akasema, "Muluku pembeni ya maji ya samaki? Mutafuga chui mu zizi?"

"Papa, muluku haina miguu," Sixbert akamjibu. "Haiui mpaka itwangwe. Nani ataitwanga? Weye?"

Watu wakacheka. Evariste alicheka kuliko wote. Tukapanda. Na ukingo ulishika kweli, sitasema uongo. Maji yakawa safi mpaka unaona kivuli cha samaki juu ya mchanga. Lakini lile neno "weye?" lilibaki masikioni mwa watu, likalala humo kama chawa katika mshono. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha wakawa wanakuja wageni, wavuvi wa klabu nyingine kutoka Kigali, na Evariste hakulala kwa ajili yao. Muluku ulikuwa umepita kimo cha mtu. Kila mshipi ukirudi nyuma, ndoana inakamata matawi. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Sixbert, "Hii pori inatuaibisha. Bageni batavulia wapi?" Sikujua walimalizaje mazungumzo. Ila mimi si nimekuambia natazama mikono? Nilishangaa tu kuona, asubuhi ile ya samaki, mikono ya Sixbert imechubuka, na yeye si mtu wa kushika panga.

Basi wakati dereva amemkataa mzee na watu bado wanapiga kelele, nilishika njia ya juu. Sikumuaga mtu. Nilifuata maji mpaka kwenye kilindi kilicho chini ya maporomoko madogo, na ukingoni nikakuta visiki vya muluku, vibichi, vimekatwa kwa haraka. Matawi yenyewe yalikuwa ndani ya kilindi, mzigo juu ya mzigo. Juu yake nyayo za bottes, zile buti za mpira: wameyakanyaga yazame yasionekane. Na maporomoko yanashuka juu ya majani yale, yanapiga, yanapiga, povu la kijani linatoka. Unaniuliza nani alitwanga? Maji yenyewe yalikuwa mchi, na waliojaza kinu ni watu.

Maman Furaha alikuwa shambani kwake, amezeeka, anaegemea jembe.

"Maman, nani amefanya hivi?"

"Sixbert na bakata-majani bake, jana mchana. Nimebaambia musitupe mu maji. Akasema Président anataka ukingo ibaki safi, bageni banakuja."

"Na kwa nini hukushuka useme?"

"Nani ameniuliza? Bote banaangalia mzee." Kisha akanitazama sana. "Weye njo wa kwanza kupanda huku."

Niliburuta tawi moja mpaka darajani nikaliangusha miguuni mwa Evariste. Sixbert alitazama viatu vyake. Evariste alinivuta pembeni, harufu ya marashi yake mpaka puani, akaniita kaka, akasema chini chini, "Grand frère, ondoa hiyo kitu. Bageni banafika saa hii. Tutaongea mu comité."

"Na mzee?"

"Tutaongea mu comité, nimesema."

Waliongea, viongozi peke yao. Sisi wengine tukasomewa maneno yaliyopatikana: kulitokea "ajali ya mazingira", klabu itapanda matete, tuendelee na umoja. Ajali! Panga halina miguu, kama muluku usivyo na miguu. Ajali ikate matawi, iyabebe, iyatupe, iyakanyage na bottes? Jina la Papa Balagizi halikutajwa hata mara moja. Na asiyesafishwa, mwanangu, anabaki mchafu. Mpaka leo sokoni nasikia, "Ule muzee wa sumu." Nikijaribu kueleza, wananitazama mimi: huyu naye anamtetea, walikuwa pamoja? Nami nawatazama wao: huyu ananiuliza kwa nini, nani amemtuma? Ndivyo tunavyoishi sasa pembeni ya Kagezi, kila mtu na jicho lake.

Nilikwenda kumtembelea saluni. Kiti kitupu, redio imezimwa. Alinipa Fanta, akaifungua mbele yangu. Kabla hajanipa, alimimina kidogo kwenye kikombe chake, akanywa, akasubiri, ndipo akanisogezea chupa. Unaelewa hiyo? Ni desturi ya huku, unaonja kwanza ili mgeni asikuogope. Lakini mimi! Mimi niliyekula kwenye sahani yake tangu ujana! Hakuwahi kunionjea kitu miaka yote hiyo. Fanta ile niliinywa yote, mwanangu, mpaka tone la mwisho.

"Papa, nitakutafutia mwanzi mwingine, tuchonge ufito," nikamwambia mwishowe.

"Sitaki ufito," akasema. "Nataka baseme. Nikikufa hivi, bantu batakula kwenye kilio yangu?"

Sasa chukua nasaha yangu. Sitakuambia usishuku, wanaosema hivyo wana ndugu zao wote hai. Shuku, lakini panda kwanza mpaka mahali maji yanapochafukia. Muulize anayelima pale juu, hata kama jana mlimcheka, hata kama jana ulimtukana. Mtu akinyoshewa kidole na wengi, tazama wale wanaonyosha, tazama nani ana haraka. Usipande kwenye ukingo wako kitu unachojua kinaua, ukajipa moyo kwamba hakuna atakayekitwanga. Na klabu yako, kanisa lako, ukoo wako wakikuambia "tutaongea ndani", uliza ni nani ataachwa nje mlango ukifungwa. Samaki watarudi, tayari nimeinua mawe, nimeona vidudu viwili vitatu. Jina la mtu halina mbegu ya kurudi lenyewe.

Mungu akupe maji safi na majirani wanaokunywa nawe bila kunusa kikombe. Akupe mzee wa kukukaripia mapema, na uzee ambao hautalazimika kuonja mbele ya rafiki.

Na ninyi nawaita kwa majina, mbele ya watoto wanaosoma haya. Sixbert, nani alikuambia utupe majani kwenye kilindi, na kwa nini uliyakanyaga? Evariste, ulijua tangu asubuhi ile, ama ulijua nilipoangusha tawi? Vyovyote, tangu hapo umejua. Umuganda ujao watu wote watakuwa darajani. Papa Balagizi nitamleta mimi mwenyewe, nitamkalisha kiti mbele. Njoo usimame, useme kwa ile sauti uliyosemea sumu: huyu mzee hakufanya, tulifanya sisi. Mzee hana miaka mingi ya kungoja. Jibu, Evariste.