Baba na Mlango wa Nyuma

Baba yangu, Evald, amefanya kazi kwenye machinjio ya nguruwe tangu sijazaliwa. Kazi yake ni kukamua utumbo: utando wa ndani unaingia kwenye mapipa, mapipa yanaenda kiwanda cha dawa. Harufu yake, nisikufiche, ni balaa. Ndiyo maana mama yangu, Ketty, alipoolewa tu aliweka sheria. Evald apite mlango wa nyuma, avue kila kitu kwenye chumba cha kufulia, hata theluji ikianguka, aoge, ndipo ambusu.

Mwaka huu mama alivunjika nyonga. Alipotoka hospitali, muuguzi akawa anakuja kila asubuhi kumchoma sindano ya tumboni, damu isije ikaganda mguuni ikapanda mapafuni. Mama alivumilia vizuri tu, mpaka asubuhi moja baba alipokosa breki za mdomo kabla ya kwenda kazini.

"Unajua hiyo dawa inatoka wapi, Ketty? Kwenye mapipa yangu!"

Maskini, alidhani atasifiwa.

"Utumbo? Ndani yangu mimi? Sichomwi tena!"

"Mama, si unakula mkate na maini ya nguruwe sasa hivi?" nikamwuliza.

"Maini ni chakula. Usinichanganye, wewe."

Muuguzi alibembeleza wee, mama hataki. Akatuambia waziwazi kwamba mama anaweza kufa, na kwamba yeye atapita tena jioni. Niliogopa sana siku ile.

Baba aliporudi kutoka kazini, nikamwambia kwamba mama bado hajachomwa. Hata kuoga hakuoga. Alikaa sakafuni kwenye chumba cha kufulia, na soksi na chupi tu, akalia kwa sauti.

"Evald! Unalia nini huko?" mama akaita kutoka kitandani.

"Miaka yote hii nanuka kwa ajili ya watu nisiowajua. Leo ni zamu yako, unakataa. Ukifa, Ketty, nitamvulia nani nguo huku nyuma?"

Muuguzi alipofika, alimkuta mama ameshapandisha blauzi.

"Haya, binti, choma. Na usiniangalie hivyo."

Kesho yake jioni tukasikia baba akihangaika na vifungo kule nyuma, meno yakigongana.

"We mzee! Unavua nini kwenye baridi? Zunguka, pita mlango wa mbele!"

Baba akaingia sebuleni na mabuti yake, na harufu yake yote. Mama akamshika mashavu, akambusu. Mimi ndiye niliyefungua dirisha.