Beseni la Kwanza

Ikifika saa kumi na moja jioni, mikono ya Mama Mashine huwa haimsikilizi tena. Tangu asubuhi inamimina mahindi ya watu kwenye mdomo wa mashine, debe baada ya debe, na vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope. Watoto wa mtaani humwamkia shikamoo bibi, na hamsini hajafika. Zamani alikuwa akiwajibu kwa maneno makali. Siku hizi anawaitikia marahaba basi, maana kugombana nako ni kazi.

Mashine ilikuwa ya mumewe. Miezi minane iliyopita alilala na homa, na siku ya nne akafariki. Alimwachia mkewe mashine, mama yake mzazi, na tangazo la mkaa ukutani: ULEZI NA MTAMA SAA KUMI NA MOJA.

Tangazo lile halikuandikwa bure. Ukisaga ulezi asubuhi, anayefuata na mahindi atapata unga wenye madoa ya kahawia, na hapo utajuta kuzaliwa. Watu wamezoea weupe. Kuna wakati kila nyumba ilikuwa na ghala lake la ulezi. Ukaja mwaka wa njaa, ikaja na mifuko ya unga mweupe ya msaada. Njaa ikaondoka, mifuko ikabaki. Ulezi ukawa chakula cha wazee na wagonjwa, na aliyeula aliula kwa kujificha kana kwamba ameuiba.

Lakini wagonjwa nao waliongezeka. Nesi wa zahanati alikuwa akiwapa vidonge, na pamoja na vidonge akawasihi warudie vyakula vya bibi zao. Benchi la mashineni, lililokuwa la watu wawili, likajaa. Alikuwapo mwalimu mstaafu mwenye kisukari. Alikuwapo fundi cherehani mwenye presha. Na alikuwapo bibi wa beseni la bluu, ambaye mwaka ule wa mifuko alikataa katakata kutupa mbegu zake, akachekwa, na sasa wale wale waliomcheka walikuwa wanamwomba kibaba wakapande. Waliitwa watu wa saa kumi na moja. Walikuja saa tisa makusudi, wakakaa wakisimuliana maradhi yao na kutaniana. Mwalimu aliapa kwamba akikaa siku mbili bila kuja kwenye benchi lile, miguu humuuma.

Mama Mashine aliwasikia wakicheka na asiwe na nguvu ya kuuliza wanacheka nini. Nyumbani mama mkwe wake alikuwa hali chakula.

Tangu wamzike mwanawe, kikongwe alikataa kila kitu isipokuwa uji wa ulezi. Baadaye hata huo uji akawa anaonja vijiko viwili, anasukuma kikombe.

"Huu si ulezi."

"Ni ulezi, Mama. Nimeusaga kwa mkono wangu."

"Una mahindi."

"Mahindi yatoke wapi, Mama?"

"Usinibishie. Nimeanza kula ulezi mama yako hajazaliwa."

Gauni lake lilikuwa limempwaya kama la kuazima. Nesi alikuja, akampima, akamvuta Mama Mashine pembeni akamwambia wazi: asipokula, hamalizi mwezi. Mama Mashine alidhani ni majonzi. Siku nyingine, Mungu amsamehe, alidhani ni visa vya mama mkwe. Heshima gani hakumpa? Hata mashineni, saa kumi na moja ikigonga, beseni la mama mkwe ndilo lililotangulia, wengine wote wakasubiri. Na hakuna hata siku moja mtu aliyenung'unika. Jamani, foleni nzima isinung'unike miezi minane! Angekuwa hajachoka, hilo peke yake lingemshtua.

Siku moja alisahau ulezi wa mama mkwe nyumbani, ingawa nyumba yenyewe iko hapo hapo nyuma ya mashine. "Mmoja wenu atangulie," aliwaambia, "nitausaga wa mama baadaye."

Hakuna aliyenyanyua beseni. Mwalimu akainama kukagua viatu vyake. Fundi akakumbuka kwamba ameishiwa uzi, akataka kuondoka.

"Kuna nini?"

Waliangaliana. Mwisho bibi wa beseni la bluu akasema, "Mwanangu, anayetangulia anawasafishia wenzake njia. Mahindi ya kutwa yaliyobaki tumboni mwa mashine, yote yanaangukia kwenye beseni la kwanza."

"Na mlikuwa mnajua?"

"Tulikuwa tunajua."

"Miezi minane mama wa watu anakunywa makombo ya mashine, na ninyi mmekaa hapo mnacheka?"

"Tulidhani na wewe unajua," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Si wewe ndiye mwenye mashine?"

Mama Mashine aliitazama mashine yake. Alijua kubadilisha mkanda, alijua kuziba chekeche, alijua kwa mlio tu kwamba injini inataka oili. Ladha ya ulezi mtupu hakuijua. Alikulia kwenye mifuko ile ya msaada.

"Mbona enzi za mume wangu Mama hakulalamika?"

"Mumeo alikuwa na kibeseni chake cha njano," bibi alisema. "Alitanguliza hicho kwanza. Halafu wa mama yake. Halafu sisi."

Mama Mashine alikigeukia kibeseni cha njano. Kilikuwa chini ya injini, kinakinga oili. Alikiweka yeye mwenyewe wiki ile ya msiba. Akakumbuka uji wa mumewe uliokuwa mweupe mweupe kila asubuhi, na jinsi alivyomuuliza kwa nini wake haufanani na wa mama yake. "Napenda mwepesi," alimjibu, akapuliza kikombe. Miaka yote hiyo.

Akakaa kwenye benchi. Hakuwahi kulikalia. "Nimechoka," alisema, na machozi yakamtoka pamoja na vumbi.

Hakuna aliyemwambia nyamaza. Bibi aliokota bakuli tupu, akachota konzi ya ulezi kutoka beseni lake la bluu, akatia, akampa mwalimu. Mwalimu akatia yake, akampa fundi.

"Kono lote hilo la kupimia nguo," mwalimu alimwambia, "leo limekuwa la mtoto mchanga? Ongeza!"

Fundi akaongeza. Bakuli likazunguka benchi zima, likarudi limejaa. Ulezi ule wa wote ndio uliotangulia mashineni, ukatoka umepauka, umechanganyika. Kisha ukafuata wa mama mkwe, uliokwenda kuchukuliwa mbio. Huo ulitoka na rangi ya udongo uliolowa, na Mama Mashine akaukinga kwa mikono miwili.

Jioni hiyo alipika sufuria mbili. Mama mkwe alionja kijiko kimoja. Akaonja cha pili. Akaweka kijiko chini, akanywa kwa kikombe mpaka kikaisha. Kisha akaangalia kikombe cha mkwewe.

"Wa kwako mbona mweupe?"

"Ni ule uliotangulia, Mama."

"Lete."

Akaonja, akakishikilia kikombe kwa mikono yote miwili.

"Huu ndio aliokuwa anakunywa mwanangu."

"Ndiyo, Mama."

"Aliniambia anapenda mwepesi."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo."

"Muongo mkubwa yule," kikongwe alisema. Siku ya mazishi hakulia. Sasa alilia huku anakunywa, uji wenye mahindi, ule ule alioukataa miezi minane, akaunywa wote mpaka akakombeleza kwa kidole. Mama Mashine alibaki anamtazama, hajui amzuie au amwache.

Kikongwe akajipangusa, akamrudishia kikombe.

"Wa kwangu umebaki kwenye sufuria," alisema. "Kajimiminie na wewe. Umekonda, mwanangu."