Jicho Lililongojwa Likomae

Mzazi wako alipimwa sukari lini? Usinijibu kwamba haumwi. Hata mjomba wangu Bwanausi alikuwa haumwi.

Bwanausi analima mananasi Kiwangwa, ekari tatu, miaka ishirini na sita sasa. Hakuna mnunuzi anayemdanganya kuhusu tunda lililoiva na lisiloiva. Analigonga kwa kidole, anatoa hukumu, basi. Jicho lake la kulia lilipoanza kuona ukungu, alikwenda kwa Shihab, mwenye duka la dawa njia panda.

Shihab akammulika kwa tochi ya simu. "Mtoto wa jicho huyo, mzee. Ila hajakomaa. Akikomaa atatolewa."

Mkulima aliyaelewa maneno hayo mara moja, na hapo ndipo alipoponzeka. Kitu kichanga hakivunwi. Akangoja miaka miwili, kila mwezi akinunua matone. Kiu haikumwisha, alikojoa usiku kucha, miguu ikafa ganzi. Shihab aliambiwa yote hayo. Akamuuzia matone mengine.

Jumatatu alfajiri nilimburuta mjomba hadi kwa daktari wa macho, mjini. Daktari akampanua mboni kwa dawa, akachungulia nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho hakuwapo. Sukari ilikuwa kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya kawaida, nayo ilikuwa imeila mishipa midogo ya damu. Jicho la kulia lilikwisha kufa. La kushoto lingeokolewa kwa mwali wa leza, Dar es Salaam.

"Msichelewe," daktari alisema. "Mishipa hii inaweza kupasuka wakati wowote."

Tuliporudi nilipitia dukani. Nilitaka watu wasikie.

"Mtu anakwambia anamaliza ndoo ya maji kwa siku, wewe unampa matone? Sasa jicho moja limekufa, la pili linahitaji leza Dar!"

"Mimi nauza dawa ya macho, msomi," Shihab akanijibu. "Mkojo wa watu unanihusu nini?"

Waliokaa barazani wakaangua kicheko. Akamgeukia mjomba. "Mzee, hao madaktari wanataka kukuchoma jicho. Likiungua, huyu ndiye atakayekushika mkono shambani?"

"Punguza kelele, mwanangu," mjomba akaniambia. "Lori la mananasi linakuja alasiri. Twende kesho."

Nikakubali. Mimi, niliyemsikia daktari kwa masikio yangu, nilikubali. Simlaumu Shihab peke yake.

Kesho yake asubuhi nilifika na pikipiki. Mjomba alikuwa ameketi kizingitini na shati lake la safari, akipunga mkono mbele ya uso kama anayefukuza inzi. Sikuona inzi hata mmoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akageuza shingo kuelekea ndani, akamwita mkewe. "Swaumu! Kuni gani hizo unazochoma? Moshi umejaa ua mzima, simwoni hata huyu mtoto!"

Swaumu akatoka, ndoo tupu mkononi, akanitazama. Jiko lilikuwa halijawashwa.