Boti Iliyotangazwa Kabla ya Kufika

Papa Apollinaire alikuwa na kanuni moja: hatangazi boti ambayo hakuiona kamba yake ikifungwa gatini. Aliirithi kwa marehemu Adalbert, aliyekuwa akiandika majina ya boti kwa chokaa kwenye ubao wa bandari, ili abiria walioshuka treni ya Kabalo wajue kama watasafiri au watalala Kalemie. Ubao ulipooza, Apollinaire alichukua daftari na kuzipeleka habari hizo redioni. Kwa miaka kumi na tisa alitangaza boti zilizofika, zimebeba nini, na kesi gani za mizigo zimeamuliwa. Mahakimu wenyewe waliliomba daftari lake.

Kisha redio nyingine ikamwajiri msichana aitwaye Evodie. Alikuwa amesoma sheria. Aliwapigia manahodha simu wakiwa bado ziwani, na hukumu za tribinali alizieleza hata wauza samaki wa ndagala wakazielewa.

Mimi na Apollinaire tunasali parokia moja. Alianza kuniambia kwamba yule dada hafai.

"Amekosea lini?" nikamuuliza.

"Haendi gatini."

"Nimeuliza amekosea lini."

Akarudia tena habari ya kamba. Wivu haukosi kanuni nzuri ya kujifichia.

Siku moja gatini mama mmoja akamtania mbele ya wenzake: "Papa Apollinaire, ungali unachunga kamba? Siye tulishasikia kwa Evodie toka asubui. Njo maana tunapakia saa hii!"

Wanawake wakacheka. Naye akacheka, lakini tangu siku hiyo hakula vizuri.

Jumamosi iliyofuata boti ya Papa Toussaint ilitazamiwa kutoka Kabimba na saruji ya Mama Émérence, mwenye duka mjini. Saa nne asubuhi Apollinaire aliona boti kwa mbali. Hakungoja kamba. Alikimbilia redioni, akatangaza kwamba Toussaint amefika, akaandika hivyo daftarini. Boti ile haikuwa ya Toussaint; ilipita ikielekea Moba. Saa nane mvua kubwa ikanyesha. Saa kumi na moja Toussaint akafunga kamba, saruji imelowa yote, na Evodie akaitangaza boti saa hiyohiyo. Apollinaire alisikia. Hakurekebisha kitu.

Mama Émérence akashitaki. Toussaint akajitetea kwamba alishusha mzigo mapema, saa nne, mwenye mzigo akachelewa kuuchukua, mvua ikaukuta gatini. Wapakuzi, ambao riziki yao hutoka kwa Toussaint, walisema hawakumbuki saa.

Nilikuwa tribinali siku hiyo, nimekaa kando ya Apollinaire. Wakili wa Toussaint aliinua daftari juu. "Miaka kumi na tisa ya daftari hili, na simu ya msichana! Tuamini nini?"

Evodie alikuwa kwenye benchi la mbele, akiandika. Niliona Apollinaire akimtazama kisogo, na sitaficha: alikuwa na furaha. Neno moja tu, na tribinali ingemwita Evodie mwongo mbele ya mji mzima.

"Papa Apollinaire," hakimu akasema, "unathibitisha saa nne?"

Mama Émérence alikuwa ameleta ushahidi wake ndani ya kitenge: kipande cha saruji kilichoganda kama jiwe. Alikipakata magotini kama mtu aliyefiwa. Apollinaire alikitazama muda mrefu.

"Kamba sikuiona," akasema.

"Kwa nini basi uliandika?"

"Nilitaka kumutangulia huyu dada."

Mtu akacheka nyuma. Evodie hakugeuka.

Mama Émérence akashinda. Jioni Evodie alisoma hukumu redioni, akasema tu kwamba shahidi alisahihisha saa yake. Ule wivu hakuutaja.

"Angenitukana ingekuwa afadhali," Apollinaire akaniambia kesho yake. "Ona sasa, hata kwa wema ananipita."

"Hiyo njo adhabu yako, Papa. Ibebe."

Sikumfariji, kwa sababu wivu ulikuwa bado unamuuma na alistahili kuumwa nao. Lakini alikuwa amekuja na daftari. Alilifungua mbele yangu, akakata saa nne, akaandika kumi na moja. Pembeni, mahali ambapo kwa miaka kumi na tisa aliandika "nimeona mwenyewe", aliandika jina la Evodie. Aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.