Unga Uliobaki Mfukoni mwa Mashine

Shangazi yangu husaga nafaka za watu. Unakuja na debe lako, anamimina, unga unatoka kwenye mfuko mrefu wa kitambaa, naye anaupigapiga mpaka wako uishe. Hauishi wote. Hubaki konzi moja mfukoni, ikamwendea mteja wa nyuma. Wasagaji wote wanalijua hilo na hawalisemi.

Alilisema Kipaza, mwenye mashine ya ng'ambo ya barabara. Ubishi wa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ulipopamba moto redioni, aliwaambia wanawake: "Kwa yule mama mnachanganyiwa na mahindi ya maabara. Mtazaa magunzi!"

Walicheka, lakini wakahama. Kwa miezi miwili shangazi alisaga mahindi yetu ya nyumbani tu.

"Mwachie Mungu," mama alimwambia.

"Mungu ana kazi nyingi, wifi. Huyu ni wangu."

Mtaalamu wa mbegu alipokuja kujibu maswali ya watu katika ukumbi wa shule, shangazi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Mwanangu, nasikia una vijiti vya kupimia mahindi ya maabara. Pima unga wa mfukoni mwangu. Halafu upime na wa jirani, nisije nikaambiwa najipendelea."

Kipaza aliinuka kupinga. Watu wakamkalisha.

"Unaogopa nini, Kipaza? Magunzi?" shangazi aliuliza.

Wanawake wawili walitumwa kuleta unga. Kijiti cha shangazi kilitoa mstari mmoja. Cha Kipaza kilitoa miwili. Mtaa mzima ulikuwa umepita katika mfuko wake, na maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyoupeleka huko.

Mtaalamu alipaza sauti kwamba mstari wa pili unaonyesha aina ya mbegu tu, si sumu, na kwamba yeye mwenyewe huyala mahindi hayo. Nani alimsikiliza? Walikuwa wameshamzunguka Kipaza.

Kesho yake foleni yetu ilifika barabarani. Nikamnong'oneza shangazi, "Nilishakusomea gazetini, mahindi yale hayana ubaya. Waambie basi."

"Walipokuwa wananikimbia mimi, nani aliwaambia?"

Ng'ambo, Kipaza alikuwa amesimama mlangoni peke yake, mikono mitupu. Shangazi alimtazama hadi mwanamume yule akainamisha uso. Ndipo akampungia mkono wake uliojaa unga, taratibu, kama anayemuaga msafiri.