Watoto Watano wa Mulongo Wetu

Kila siku ya kupima watoto, mulongo wetu ulijaa watoto wagonjwa. Kesho yake walikuwa wamepona. Mimi nilikuwa muuza samaki, na muuza samaki hujua haraka kitu kinachobadilisha sura kwa sababu mnunuzi amefika.

Mulongo ni safu ya nyumba. Kambi ya wafanyakazi kule Elisabethville ilijengwa kwa milongo, mlango ukitazama mlango, kila mmoja na namba yake ya rangi nyeupe. Wa kwetu ulikuwa na nyumba arobaini. Nilizihesabu mara mbili nilipohamia, maana mara ya kwanza nilipata thelathini na tisa, na sikupenda kuishi mahali ambapo nyumba moja haijulikani iko wapi.

Nilikaa kwa yaya, dada yangu mkubwa, ambaye mume wake alifanya kazi ya zamu kwenye tanuru la shaba. Mimi mume nilikuwa naye, kisha sikuwa naye. Asubuhi nilipeleka kapu la ndagala, dagaa waliokaushwa, sokoni, jioni nilirudi na kapu tupu au na maneno.

Miaka ile kulikuwa na batumbula. Sijui kama waliwahi kuishi popote, lakini walikuwako. Watu walisema ni watu wanaotumwa na Wazungu: wanakukamata njiani jua likizama, wanakufungia chini ya nyumba kubwa mjini, wanakulisha mpaka unanona, halafu. Kwenye hilo "halafu" kila msimuliaji alinyamaza akaangalia mlango. Nilijaribu kufuatilia habari hizo kama ninavyofuatilia bei. Nani alikuambia? Shemeji. Shemeji naye? Fundi wa cherehani. Fundi naye? Mteja wake mmoja, amehama. Sikuwahi kufika kwa mtu aliyepotelewa na mtu wake mwenyewe. Pamoja na hayo, jua likianza kuinama nami nilifunga kapu langu, nikarudi kwa njia yenye watu wengi.

Sasa mwambie mama anayelala na mawazo hayo alete mtoto wake zahanati atundikwe kwenye kilo, mizani ya kupimia. Ile kilo ilining'inia kwenye boriti kwa kulabu, na chini yake kitambaa chenye matundu mawili ya kupitisha miguu. Bucha ya karibu na soko ilikuwa na ileile, bila kitambaa. Kwa hiyo akina mama walifanya alivyofanya kila mtu mwenye akili: mtoto mnene alifichwa, mtoto mwembamba alipelekwa. Jirani yetu wa mlango wa mbele, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa mulongo wa tatu, alikuwa na binti mzito kama kiroba cha unga. Siku ya kupima, binti huyo alikaa chini ya kitanda nyuma ya beseni, akinyamazishwa kwa muwa. Aliyepelekwa alikuwa mtoto wa kuazima.

Muuguzi alikuwa mtu mweusi kama sisi, koti jeupe, kalamu sikioni. Kambi nzima ilikuwa mikononi mwake, hakuwa na muda wa kupima mulongo mzima. Alichukua watoto watano wa kwanza kufika, waliotimiza mwaka lakini hawajafika wa tatu, akajumlisha, akagawa, akapata namba moja. Aliiita wastani. Namba hiyo ilipanda kwa daktari ikisema kwa niaba ya watoto wote wa mulongo, hata wale wa chini ya vitanda.

Wastani wetu ulikuwa kilo nane. Ukitusoma kwenye karatasi ungedhani tunakula upepo.

Katika wale watano, mmoja alikuwa mwembamba kweli. Alikuwa mtoto wa yaya, wa kiume, ametoka kuugua surua, shingo yake ikibeba kichwa kama kitu cha kukopa. Daktari aliposoma ile namba aliagiza aliye mwepesi kuliko wote alazwe zahanati, apewe maziwa na mayai. Yaya alikwenda kila mchana kukaa naye, akarudi kila jioni peke yake. Baada ya wiki kadhaa alipewa mtoto wake. Kilo kumi na moja. Mashavu, tumbo, na mikunjo kwenye vifundo vya mikono.

Nilidhani tutapiga vigelegele. Yaya alipita naye mbele ya bomba la maji, na wanawake walisogeza ndoo zao kama anapita mtu wa msiba. Hakuna aliyesema amependeza. Jirani wa mlango wa mbele ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo:

"Banamaliza kumunonesha. Sasa batakuja kumubeba."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na mtu mwingine ndani, ambaye hakuonekana. Yaya alimvua mtoto akamkagua kama ni yuleyule: kovu la goti lipo, alama ya sikio ipo. Alikagua tena. Aliweka kiti nyuma ya mlango. Mumewe alicheka mara moja tu, kisha naye akaanza kukaa kwenye kile kiti akitoka zamu.

Sikuona haraka kilichokuwa kinaendelea jikoni. Niliondoka mapema, na jioni niliona sahani ya mtoto imeoshwa. Niliona tu kwamba mtoto analia, nikasema ni meno. Halafu aliacha kulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto anayelia bado yuko kwenye mazungumzo. Huyu alikuwa ameacha kuomba. Siku moja nilikaa nyumbani makusudi, nikaona anapewa maji yaliyooshea sufuria ya uji, na kipande cha bukari, ugali wetu, kisichozidi kidole gumba. Mikunjo ya mikono ilikuwa imekwisha kulegea.

Nilimwuliza yaya anafanya nini. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda stesheni.

"Benzake beko kilo nane. Ye iko kumi na moja. Batamuona. Minamurudisha kwa nane."

"Benzake gani, yaya? Bale batano?"

"Bale njo benye banapimwa." Hao ndio waliopimwa.

Mtu asiyeijua Elisabethville ya wakati ule atasema dada yangu alirukwa na akili. Hakurukwa. Alikuwa ameambiwa na muuguzi mwenyewe, kwa upole, kwamba watoto wa mulongo wetu wana kilo nane. Aliiamini namba hiyo kama daktari alivyoiamini. Alitaka mtoto wake ajifiche mahali palipo na watu, kama mimi nilivyorudi kwa njia yenye watu, isipokuwa mahali penyewe hapakuwa na mtu. Watoto wa kilo nane wa mulongo wetu walikuwa ni karatasi.

Sikumbishia habari za batumbula. Katika biashara huanzi na kitu ambacho mwenzako hauzi. Nilichukua ile namba, kwa sababu namba ina bei, na chenye bei kinapunguzwa au kupandishwa.

Muuguzi nilimkuta anachemsha sindano. Nilimweleza yote, watoto wa chini ya vitanda na uji wa maji. Alikaa chini. Alisema alikuwa anajua kwamba watano ni wachache, daktari aliyemfundisha alimwambia hivyo, lakini kambi ni kubwa na mikono yake ni miwili. Akaniuliza: mtu akitoa ndagala watano kwenye kapu langu, atajua ukubwa wa ndagala wa kapu zima? Nikamwambia inategemea nani anatoa. Nikitoa mimi, atajua ndagala wa juu tu, na wa juu nimewapanga mwenyewe asubuhi.

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akanieleza, na nilimsikiliza kwa sababu kilikuwa kitu cha kweli. Hata ukichota bila kuangalia, alisema, wachache hawakupi namba moja. Wanakupa uzio. Wastani wa kapu zima uko mahali fulani ndani ya uzio huo, na wewe huwezi kusema ni wapi hasa. Ukichota wengi, uzio unabana. Ukichota wachache, au kama wanapishana sana ukubwa, unakuwa mpana, na mtu mwaminifu anauacha mpana.

"Lakini bale batano," akasema, "hata uzio hapana. Banajichagua beye mwenyewe."

Tulipatana. Angepima watoto kumi wa mulongo wetu, Jumapili baada ya misa, siku yake ya kupumzika. Namba za nyumba zenye watoto wa umri ule zingeingia kwenye kofia yake, na yeye angezitoa amefumba macho. Nyumba itakayotoka, mtoto wake anakuja, mnene au mwembamba. Sehemu yake ilikuwa kofia. Yangu ilikuwa akina mama.

Nimewahi kuuza samaki waliolowa mvua. Haikuwa kazi ngumu kama ile. Mmoja aliniambia mtoto amesafiri, na mtoto alikuwa mgongoni mwake. Mwingine alifunga mlango nikiwa bado nasalimia. Jirani wa mlango wa mbele alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanimaliza nikiwa nimekaa. Nilimwambia kwamba wanaotafuta mtoto anayewapita wenzake watamtafuta mmoja. Wakikuta mulongo mzima ni wanene, watamchukua nani?

"Batabachukua bote," akasema. "Kamyo iko kubwa."

Nikapima ukubwa wa lori hilo kichwani. Akaendelea. "Na weye hauna mutoto, mama ndagala. Unatembeza ya benzako."

Hilo nililimeza, maana lilikuwa kweli. Nilikuwa nainuka kuondoka wakati yaya alipokuja kunitafuta, mtoto mkononi. Alimweka chini. Binti wa jirani, yule mzito, alitoka nyuma ya pazia na donge la bukari lililochovywa kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akalitia mkononi mwa mtoto wetu, kama watoto wanavyofanya bila kutumwa. Mtoto alilishika. Hakulipeleka mdomoni. Aligeuka akamtazama mama yake, akangoja. Mchuzi wa sombe ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye bado anangoja.

Yaya alilichukua lile donge, akamrudishia binti.

Jirani aliyaangalia haya yote mpaka mwisho. Tulipofika mlangoni kwetu nilimsikia anaita nyumba ya pili, kisha ya tatu, kwa sauti yake ya siku zote, akiwaambia kwamba Jumapili kofia ikitaja namba ya mtu, asiseme mtoto amesafiri.

Jumapili walikuja wote, hata wale ambao namba zao hazikutoka, kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake aone peke yake. Kila mtoto alipoingizwa kwenye kitambaa na kulabu ikalia, mama yake alishika miguu, si kumtuliza, bali kama mtu anayeshikilia kitu kisivutwe juu. Wa kwanza kilo tisa. Wa pili kumi na mbili. Binti wa jirani alikuwa kumi na tatu, na wanawake wote wakavuta pumzi pamoja, na mama yake akamtoa haraka akamfunga mgongoni, vitenge viwili. Mtoto wa yaya hakutoka kwenye kofia. Yaya alisimama nyuma kabisa, amemfunika kichwa.

Mimi nilijumlisha kwa vidole wakati muuguzi anajumlisha kwa kalamu. Nikajumlisha tena. Tulipata sawa: wastani wa wale kumi, kilo kumi na nusu.

"Njo ya mulongo muzima?" akauliza yaya.

Muuguzi alirudi kwenye karatasi yake. Hesabu ya pili ilimchukua muda kuliko ya kwanza. Mwishowe akasema wa mulongo mzima hawezi kuapa. Kwa watoto kumi tu, na kwa vile wanapishana, wastani unaweza kuwa kuanzia tisa na nusu mpaka kumi na moja na nusu. Chini ya pale au juu ya pale hafikirii. Ndani ya pale, hajui.

Niliona yaya anatembeza midomo.

"Mutoto akiwa na kumi na moja na nusu," akasema polepole, "angali mu kati?"

Muuguzi alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini, maana alikuwa amenieleza vizuri: ule uzio ni wa wastani, si wa mtoto, mtoto anaweza kuuruka na bado akawa wa mulongo, mbona wa kumi na tatu tumemwona sasa hivi. Alimtazama yaya, akautazama ule mkono mdogo uliotoka chini ya kitenge. Akafunga mdomo. Katika maisha yangu sijaona msomi mwingine aliyefanya hivyo.

"Angali mu kati, mama," akasema.

Tulirudi nyumbani. Yaya hakuvua hata kitambaa cha misa. Alisonga bukari kubwa, akafungua samaki wangu niliowatenga kwa soko, nami sikusema kitu. Mlango aliufunga, kiti akakiweka nyuma yake. Alimpa mtoto donge, na mtoto akalishika akamtazama. Ikabidi yaya ale kwanza, yeye mwenyewe, atafune mbele yake. Kisha mtoto akala. Alikula kimya, harakaharaka, macho kwenye sahani, na kila mguu wa mtu ulipopita nje yaya alinyanyua mkono, mtoto akaacha kutafuna mpaka mguu ule upotee.

Alimaliza la pili, la tatu. Kabla ya la nne alisita tena, akamwangalia mama yake.

"Kula," yaya akamwambia. "Nafasi ingali, mpaka kumi na moja na nusu."