Kiti Kando ya Redio

Hotelini kwa Maryan, karibu na soko la mifugo la Garissa, palikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo, kando ya redio. Kilikuwa cha Shirwa. Alikuwa mchinjaji wa ngamia, lakini ukimwita mchinjaji atakununia. Yeye alijiona bingwa wa maswali. Kila alasiri wanaume walitegana maswali, kwa Kiswahili ili walimu na askari waliotoka Kenya, kama tulivyopaita ng'ambo ya daraja, wasiachwe nje. Mshindi alikalia kiti. Zaire ilifungwa tisa na nani Kombe la Dunia la sabini na nne? Ng'ombe walivukaje Tana kabla ya daraja? Shirwa alijua.

Mwaka wa tisini na nne akaja Diriye, mkimbizi wa kambi za Dadaab, utingo wa lori la maji. Kwao Kismayu, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kama halua, jambo ambalo Shirwa hakumsamehe. La Zaire alilijibu kabla swali halijaisha. Siku hiyo hiyo akakalia kiti.

Wallahi, Shirwa aliungua. Nyama aliikata vibaya, mkewe alimjibu kwa mkato, na kila kicheko cha hotelini alidhani ni cha kumcheka yeye. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Mchezo ulikuwa na sheria yetu wenyewe: swali la mahali huamuliwa kwa habari ya msafiri wa mwisho. Kwetu mtu hashuki lorini kabla hajaulizwa mvua, visima na njia, na aliyepita huko jana huaminiwa kuliko aliyezaliwa huko. Basi Shirwa akamkamata dereva aliyetoka Kismayu, akamnunulia chai, akapata alichotaka.

"Diriye, swali ya kwenu," alisema kesho yake, kwa Kiswahili chake cha Kisomali kisichojua p. "Kismayu, mbele ya kiwanja ya mbira, kuna nini?"

Diriye alicheka. "Hilo la watoto! Pana duka la mlango wa kijani, lauza halua na kahawa."

"Umekosa!" Shirwa aliruka juu. "Hakuna kitu. Bomu ilibiga hiyo duka, imebaki mawe tu. Dereva ameona na macho yake. Haya, toka kwa kiti yangu!"

Watu walipiga meza kwa vicheko. Kisha wakaona uso wa Diriye.

"Duka ni la baba," alisema polepole. "Na mzee je? Alikuwamo ndani?"

Shirwa akajibu, "Hiyo... sikuuliza."

Diriye akatoka kumtafuta dereva. Hoteli nzima ikamfuata, hata Maryan akaacha birika motoni. Shirwa akakalia kiti. Redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza kitu. Na hata hapo, Mungu amsamehe, kilichomuuma kwanza ni kwamba wote walikwenda na yule.